Patasi, Chokaa au Gundi: Uondoe Vipi Tumbawe Usilolitaka Kwenye Jiwe Hai?

Matumbawe mengi yanayosumbua katika akwaria ya maji ya bahari hayakuingia tangini kwa kificho. Yalinunuliwa kwa hiari, yakapewa nafasi nzuri karibu na taa, yakasifiwa na kila aliyepita. Xenia inayofumba na kufumbua vidole vyake mchana kutwa, polipu (vinyama vidogo vinavyounda tumbawe) za kijani zinazoyumba na mkondo, uyoga wa bahari wa rangi ya buluu: vyote ni rahisi kufuga, na urahisi huo ndio chanzo cha balaa. Miezi ikipita, jiwe hai zima, yaani jiwe lililojaa bakteria, sponji na minyoo midogo, limefunikwa, na matumbawe magumu ya jirani yanaanza kufa pembezoni kwa kufunikwa, kukosa mwanga au kuchomwa.

Ukiuliza njia bora ya kuyaondoa utapewa majibu matano yanayopingana, na kila mjibu atakuapia kwamba yake ilifanya kazi. Huenda wote wanasema kweli. Aliyefanikiwa kwa gundi alikuwa na vichwa vichache vya uyoga. Aliyeshindwa kwa gundi ileile alikuwa na mkeka uliotambaa nusu ya jiwe. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha zana, jiulize mambo mawili: tumbawe lako limeshikaje jiwe na linazaanaje, halafu jiwe lenyewe linaweza kutoka tangini au limebeba mnara mzima juu yake. Majibu ya hayo yanakata nusu ya mjadala.

Tabia zao hazifanani

Polipu za kijani (Briareum) hukaa juu ya ngozi ya zambarau, ngumu kiasi na yenye kunyumbuka, inayotambaa juu ya jiwe, kioo, hata bomba la pampu. Hiyo ngozi ndiyo mnyama unayeshughulika naye. Ukizikata polipu na kuiacha ngozi hujafanya kitu.

Xenia haina mkeka. Ina kisiki kinene chenye mikono juu, na kisiki hicho husogea polepole kufuata mwanga huku kikiacha watoto nyuma yake. Ukiivuta inatoka kirahisi mno, ukafurahi, kumbe chini kimebaki kipande kidogo cheupe ambacho wiki kadhaa baadaye kimeota mikono.

Uyoga wa bahari (Discosoma na jamaa zake) ni mjanja zaidi. Hung'ang'ania kwa mguu, na mguu ukichanika, chembe iliyobaki huota uyoga mpya. Kumkata vipande ni kumsaidia kuzaa. Wanaomfuga kwa biashara humkata makusudi. Capnella, lile tumbawe laini lenye umbo la mti, hudondosha vitawi vyake lenyewe, navyo hupeperuka na kushika popote vinapotua. Aiptasia si tumbawe bali ni anemoni, lakini hukaa kwenye mawe yaleyale na kwa tabia anafanana na uyoga: ukimponda, vipande vya mguu wake vinaota upya.

Kisha wapo Zoanthus na Palythoa, polipu zenye umbo la kifungo cha shati zilizosongamana. Hawa nawatenga, kwa sababu kwao suala la kwanza ni usalama wako kabla ya usafi wa jiwe.

Sumu kabla ya zana

Mwaka 1971 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Hawaii, Richard Moore na Paul Scheuer, walitangaza kwamba wameitenga palitoksini kutoka kwa Palythoa. Ni miongoni mwa sumu kali kabisa za asili zisizo za protini. Inafanya kazi kwa kuigeuza pampu ya sodiamu na potasiamu iliyo kwenye utando wa seli kuwa tundu lisilofungika, na seli ikavujisha chumvi zake. Si kila Zoanthus anayo kwa wingi, wengine hawana kabisa, lakini kwa macho huwezi kutofautisha.

Wafugaji hudhurika kwa njia tatu: kidonda mkononi, maji yanayoruka machoni, na mvuke. Mvuke ndio mbaya zaidi. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilichapisha mwaka 2015 taarifa ya matukio ya Alaska ya kati ya 2012 na 2014, ambapo watu dukani na majumbani walishukiwa kuivuta sumu hiyo kutoka kwa matumbawe ya akwaria. Machi 2018, katika kijiji cha Steventon nchini Uingereza, familia pamoja na baadhi ya waliokuja kuwaokoa walifikishwa hospitali baada ya mawe yenye matumbawe kutolewa tangini kusafishwa. Dalili huanza na ladha chungu au ya chuma mdomoni, kikohozi, homa, maumivu ya misuli, na pumzi kubana.

Ndiyo maana kuna njia moja ambayo siingizi kwenye ulinganisho huu hata kama inapendekezwa na watu wengi: kuchemsha jiwe. Usichemshe. Usilimwagie maji ya moto, usilipige kwa mashine ya maji ya presha, usilianike hadi likauke kisha ukalisugua kwa brashi, maana sumu haifi kwa kukauka na vumbi lake linavutwa puani. Kwa Zoanthus na Palythoa, njia zinazokwangua, kuponda au kupasua polipu ziko chini kabisa kwenye orodha yangu. Na kwa tumbawe lolote lile, vaa glavu ndefu na miwani ya kufunika macho yote. Miwani ya kusomea haitoshi.

Patasi nje ya tangi, au kukwangua ndani?

Kama jiwe linatoka, nje ya tangi pana faida ambayo njia nyingine zote hazina: unaondoa tumbawe pamoja na uso wa jiwe ambao limeushika. Hakuna mguu unaobaki, hakuna ngozi iliyojificha kwenye tundu. Andaa ndoo mbili za maji ya tangi. Ya kwanza ni ya kazi, ya pili ya kusuuzia. Jiwe lilaze juu ya taulo lililolowa maji hayohayo, elekeza ncha ya patasi pembeni mwa koloni kwa ulalo, na gonga kidogo kidogo ukilenga kubandua ganda la jiwe lenye unene wa milimita tano hivi. Jiwe jepesi lenye matundu hukatika vizuri. Lililo zito huweza kupasuka mahali usipotarajia, kwa hiyo tazama mishipa yake kabla ya kugonga. Kwa makoloni madogo koleo la kukatia matumbawe linatosha, tena halirushi vipande.

Usilichoshe jiwe kwa hewa. Bakteria na minyoo midogo hustahimili dakika kadhaa likiwa limelowa, ila sponji hazipendi kabisa kutoka majini kwa sababu hewa hunasa ndani yake. Lizamishe kila baada ya muda mfupi, na kabla ya kulirudisha litikise kwa nguvu ndani ya ndoo ya pili ili makombo yabaki humo.

Kukwangua ndani ya tangi ni jambo jingine. Kwa polipu za kijani kunafaa kuliko watu wanavyodhani. Zima pampu, subiri polipu zijifunge, kisha tafuta ukingo wa ngozi ambako imeshika kijuujuu, mara nyingi mahali inapoingia kivulini. Ingiza ukucha au kisu butu chini yake, na ukishapata mwanzo, vuta taratibu kwa pembe ya chini. Inabanduka kipande kirefu kirefu kama zulia lililogundishwa sakafuni, na sauti ndogo ya kuchanika unaisikia kupitia vidole zaidi ya masikio. Inapogoma, acha kuvuta. Ukilazimisha itakatika na kuacha mabaka ya zambarau, na kila baka ni koloni jipya. Mabaka hayo rudi nayo kwa brashi ngumu.

Shika mpira wa kunyonyea maji kwa mkono mwingine, mdomo wake karibu kabisa na unapokwangua, na upande wa pili uishie kwenye ndoo. Bila mpira huo, kukwangua Xenia au Capnella ni kupanda mbegu tangini. Makombo huchukuliwa na mkondo hadi nyuma ya mawe, ambako utayaona yakiwa yameshakuwa makubwa.

Kwa uyoga, sikwangui kamwe. Kwa Zoanthus pia, kwa sababu nilizozitaja.

Mtu akiniuliza kati ya hizi mbili nitamwambia patasi bila kusita, ilimradi jiwe linatoka. Inaumiza kuona jiwe zuri linamegwa, lakini linamegwa mara moja. Anayekwangua ndani hujiandikia kazi ya kila wiki.

Chokaa au gundi, jiwe lisipotoka

Hapa ndipo wengi walipo, kwa sababu tumbawe sumbufu lina tabia ya kuchagua jiwe la msingi.

Chokaa inayozungumzwa ni hidroksidi ya kalsiamu, ileile inayotumiwa kuongeza kalsiamu tangini. Unga wake ukichanganywa na maji safi kidogo hadi uwe mzito wa kutoka kwenye bomba la sindano bila kumwagika, unapakwa juu ya polipu au kudungwa ndani ya mdomo wake. Maji yaliyoshiba chokaa yana pH ya takribani 12.4, na tishu laini hazivumilii hali hiyo. Zima pampu zote, paka, subiri kama nusu saa, kisha nyonya mabaki kwa mpira kabla ya kuwasha tena.

Tatizo lake ni kwamba dawa hubaki kuwa dawa hata baada ya kuua. Hesabu ni hii: gramu 1 ya hidroksidi ya kalsiamu ndani ya lita 200 za maji hupandisha ualikali (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe) kwa karibu 0.4 dKH, kipimo chake cha kawaida, na pH hupanda nayo papo hapo. Gramu 5 kwa mpigo ni karibu 2 dKH, na pH inaweza kuruka kwa zaidi ya 0.5. Matumbawe magumu huchukia mruko wa namna hiyo kuliko yanavyomchukia jirani mvamizi. Kwa hiyo chokaa ni njia ya vichwa vichache kwa siku, ukipima pH katikati, na kupumzika siku inayofuata. Mwenye tangi dogo aogope zaidi.

Gundi haina mahesabu hayo. Ile ya jeli inayoganda haraka, ya sianoakrileti, hukauka inapogusa maji na haidhuru samaki. Unaziba polipu na jiwe linalomzunguka, na mnyama anakosa mwanga, maji na hewa. Wapo pia wanaotumia epoksi ya kukanda kwa mkono; inafunika eneo kubwa zaidi, ila hukivuruga kichujio cha povu (kinachotoa uchafu majini kwa mapovu na kuukusanya kwenye kikombe) kwa saa kadhaa, hivyo kizime au ushushe kikombe chake kwanza.

Nikiziweka bega kwa bega: chokaa huua papo hapo lakini inagusa maji ya tangi zima, gundi haigusi maji lakini inahitaji uhakika kwamba umefunika kila kitu. Polipu za kijani huchungulia ukingoni mwa gundi na kuendelea na safari, na Xenia ina utelezi unaoifanya gundi isishike. Kwa hao wawili gundi ni kupoteza wakati. Kwa uyoga mmoja mmoja, gundi na chokaa zinafanya kazi pamoja kuliko kila moja peke yake: chokaa kidogo mdomoni, subiri asinyae, kisha kofia ya gundi juu yake ili mguu usipate nafasi ya kuota. Kwa Zoanthus wachache, gundi ndiyo chaguo langu la kwanza, kwa kuwa hukati, huchomi, na sumu inabaki mahali pake.

Juisi ya limau, siki na maji ya moto ya sindano ni ndugu dhaifu wa chokaa. Limau humuua Aiptasia mara nyingine, mara nyingine humkasirisha tu. Magadi kaustiki, yaani hidroksidi ya sodiamu, ni kali kuliko chokaa, ila inachoma ngozi na macho vibaya na sioni sababu ya kuiweka nyumbani kwa kazi hii.

Kuna pia wanaomwaga fenbendazoli, dawa ya minyoo ya mifugo, ndani ya tangi. Inaweza kuziua polipu laini kadhaa, ni kweli. Inaweza pia kuua minyoo mema na konokono, na jiwe huifyonza. Ukitaka tangi lenye uhai, iache.

Mlaji, kama yupo

Kwa Aiptasia yupo. Berghia, konokono asiye na gamba, hali kitu kingine chochote. Akimaliza Aiptasia hufa njaa, kwa hiyo panga mapema nani utampa. Uduvi wa jamii ya Lysmata husaidia pia, na kitatange wa mdomo mrefu (Chelmon rostratus) hula Aiptasia kwa hamu lakini ni mgumu kumzoesha chakula cha tangini.

Kwa Xenia, polipu za kijani na uyoga sijui mlaji wa kumtegemea ambaye hatageukia matumbawe unayoyapenda. Samaki anayedonoa tumbawe laini hasomi orodha yako.

Mtego wa jiwe

Njia hii haisemwi sana, labda kwa sababu haina zana ya kuonyesha. Weka mawe madogo makavu kugusana na ukingo wa koloni, upande wenye mwanga zaidi. Xenia itapanda, polipu za kijani zitatambaa. Likishajaa, liondoe na kuweka jingine. Kwa wiki nyingi unamhamisha mnyama bila kumjeruhi, na unapata vipande hai ambavyo mfugaji mwingine atavipokea kwa furaha, maana kero ya tangi moja ni pambo la jingine.

Haimalizi kazi peke yake. Koloni la asili linabaki. Lakini inapunguza wingi kabla ya patasi au chokaa, na hilo si dogo, kwa sababu tumbawe likifa kwa wingi ndani ya maji huoza, amonia ikapanda, na kemikali ambazo matumbawe laini hutumia kupigana na jirani zao zikamwagika zote kwa pamoja. Vyovyote utakavyoondoa, weka mkaa amilifu mpya, ule unaonyonya kemikali majini, kabla ya kuanza na ubadilishe sehemu ya maji baadaye.

Ukishapata jiwe safi, litenge na mengine kwa mchanga mtupu. Mkeka wa polipu za kijani hauvuki mchanga kwa urahisi.

Kuua jiwe zima

Mtu aliyechoka huishia hapa: jiwe lote ndani ya ndoo ya maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, siku nzima au zaidi, kisha kusuuza, dawa ya kuondoa klorini, na kukausha hadi harufu iishe. Inamaliza kila kitu. Inamaliza pia bakteria, sponji, minyoo na konokono waliolifanya jiwe liitwe hai, na ukilirudisha lazima lianze upya kujenga bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitriti na nitrati, kazi ya wiki kadhaa. Usichanganye klorini na tindikali wala siki. Gesi inayotoka ni sumu.

Kwa jiwe moja kati ya mengi, sawa. Kwa tangi zima, hiyo ni kuanza upya, na afadhali ujue hivyo tangu mwanzo. Kuna hali moja tu ambapo naiweka mbele ya nyingine zote: jiwe linalotoka ambalo limejaa Palythoa. Lisafirishe likiwa limezama majini, liingize kwenye klorini nje ya nyumba mahali penye upepo, na usilikwangue kabla. Klorini huivunja palitoksini.

Kwa tangi lako

Jiwe linatoka na lina Xenia, Capnella au polipu za kijani: patasi. Halitoki na lina polipu za kijani: bandua kwa mkono na mpira wa kunyonya, ukianzia ukingo wa juu kushuka chini. Halitoki na lina Xenia: mtego kwanza, kisha kunyonya visiki, na chokaa kwenye mabaki. Uyoga usiozidi kumi: chokaa na gundi. Uyoga mia: nadhani ni wakati wa kuamua kama hilo si tangi la uyoga tayari, na kuna watu wana matangi ya uyoga ya kupendeza sana.

Yaliyotoka yasiende chooni wala mtaroni, na hasa yasiende baharini. Katika Hifadhi ya Taifa ya Mochima nchini Venezuela, Unomia stolonifera, ndugu wa karibu wa Xenia anayetoka bahari za mbali upande wa Indonesia, amefunika miamba ya pwani na kuyaua matumbawe ya asili, na inaaminika alifika kupitia biashara ya akwaria. Vipande usivyompa mtu viloweke kwenye klorini usiku kucha, vifunge ndani ya mfuko visikauke wazi, ndipo uvitupe na taka za nyumbani. Maji ya ndoo ya kazi nayo yatie klorini kabla ya kuyamwaga.